Makumbusho yetu yanatufaa nini, na tutajuaje?

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Mji mzima ulishtuka. Wapo waliosikitika ambao hawakuwahi hata siku moja kununua tiketi ya kuingia ndani. Kwao jumba lile lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 lilikuwa tu pale Forodhani, linaonekana toka baharini, na hiyo iliwatosha. Huzuni ile ilikuwa ni thamani. Lakini haikuandikwa katika buku lolote la mapato. Siku anayeshika mfuko wa fedha za umma anapouliza kwa nini shilingi ziende kwenye paa la makumbusho na zisiende kwenye kisima cha shehia, huzuni peke yake haiwezi kumjibu.

Hapo ndipo makumbusho mengi hukwama. Yana thamani kweli, lakini hayajui kuitaja, na yakitakiwa kuithibitisha hutoa idadi ya watalii. Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo: thamani ya makumbusho ni nini hasa, inapimwa vipi, na hesabu huharibika wapi.

Tuanze na maana ya neno lenyewe. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipitisha maana mpya ya makumbusho mjini Praha tarehe 24 Agosti 2022. Kwa ufupi, makumbusho ni taasisi ya kudumu, isiyotafuta faida, inayotumikia jamii kwa kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufasiri na kuonyesha urithi unaoshikika na usioshikika, huku ikiishirikisha jamii yenyewe. Maneno hayo hayakupatikana kwa wepesi. Mwaka 2019, huko Kyoto, rasimu ya awali iliwekwa kando kwa sababu wanachama waligawanyika: wengine waliona inaisahau kazi ya kuhifadhi vitu, wengine waliona wakati umefika wa kuwaweka watu mbele.

Mzanzibari ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili, nayo ni wakfu. Mtu anapoweka nyumba au shamba la karafuu wakfu, mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Shina linazuiwa, matunda yanaachiwa. Yupo msimamizi wa kuiangalia, na wapo walengwa wa kuyapata manufaa yake. Visiwani humu Kamisheni ya Wakfu imekuwepo tangu mwaka 1905, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimepita katika utaratibu huo. Kisheria makumbusho si wakfu, lakini mantiki yake ni hiyohiyo: vitu ni amana, mhifadhi ni msimamizi, umma ndio walengwa. Na msimamizi yeyote hudaiwa hesabu mbili. Shina lipo salama? Matunda yamewafikia waliokusudiwa? Makumbusho yanayojibu moja tu yamejibu nusu.

Hesabu ya shina

Hesabu hii haionekani na mgeni, ndiyo maana hupuuzwa. Utafiti uliofanywa mwaka 2011 na ICCROM, taasisi ya kimataifa inayoshughulikia uhifadhi, ulionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya mikusanyo iliyomo katika maghala ya makumbusho duniani ilikuwa hatarini, aghalabu kwa msongamano, ukosefu wa rejista na majengo mabovu, si kwa vita wala wizi.

Kwetu adui wa kwanza ni unyevu. Hewa ya Unguja na Pemba mara nyingi hupita asilimia 75 ya unyevu, na wakati wa masika huzidi. Kitu kikikaa kwa muda katika unyevu unaopita asilimia 65, koga huota: kwanza kwenye ngozi na karatasi, kisha kwenye ukili na nguo. Chuma hushika kutu, na msumari wa kasha la Kipemba huanza kuila mbao yenyewe kwa ndani. Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini, na ndiyo maana kuzipaka plasta ya saruji ni kosa lenye gharama kubwa: saruji huyafungia maji ndani ya ukuta, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na mwishowe plasta hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Chokaa hupumua.

Kinga nyingi ni za bei nafuu. Rafu ziwe sentimita 15 juu ya sakafu na zisiguse ukuta, hewa ipate kupita nyuma yake. Kipima unyevu kisomwe asubuhi na alasiri na kuandikwa, kwa sababu kipimo kisichoandikwa hakimwonyeshi mtu mwelekeo. Feni ya kusukuma hewa ndani ya ghala hufanya kazi kubwa kuliko kufungua madirisha siku ya mvua, jambo linaloingiza unyevu badala ya kuutoa. Kanga, kofia au mkeka ulioingia wadudu huwekwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, ukakaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili; ukitolewa, usifunguliwe mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo maji hutonesha juu ya nguo. Vitu vya mbao vilivyopakwa rangi na vyombo vya muziki kama gambusi au udi visiingizwe humo hata kidogo. Nguo na karatasi zinazoonyeshwa zipate mwanga usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwani rangi ya kanga iliyofifia hairudi.

Uthibitisho wa hesabu ya shina ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua namba 20 kutoka kwenye rejista bila kuchagua, uende ghalani kuvitafuta vitu vyake. Halafu geuza: chukua vitu 20 kutoka kwenye rafu, urudi kuvitafuta kwenye rejista. ICCROM inapendekeza kwamba kila kitu kipatikane ndani ya dakika tatu, na kifikike bila kuondoa zaidi ya vitu viwili vilivyokizuia. Ukipata 13 kati ya 20, andika 13. Mwakani ukipata 17, una ushahidi wa kazi iliyofanyika ambao mhasibu yeyote ataufahamu. Safari zote mbili ni lazima: ya kwanza hufichua vilivyopotea, ya pili hufichua vilivyopo bila jina.

Na visivyo na jina ndio msiba mkubwa zaidi. Mbuzi ya kukunia nazi isiyo na kadi ni kigoda chenye chuma. Ikiwa na kadi inayosema imetoka kijiji gani, imechongwa kwa mti gani, ilitumiwa jikoni kwa nani na miaka gani, nani aliitoa na kwa masharti gani, inakuwa ushahidi wa maisha ya watu. Kadi ikipotea thamani huondoka, ijapokuwa mbao haina mkwaruzo hata mmoja.

Katika mkusanyo wa makumbusho ya Mnazi Mmoja, ambayo jengo lake la Beit al-Amani lilifunguliwa mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuna chui wa Unguja aliyekaushwa. Chui huyu alielezwa kisayansi mwaka 1932 kuwa ni namna ya pekee, na kila mjadala kuhusu iwapo bado yupo katika msitu wa Jozani au la unarejea kwenye ngozi na mafuvu machache yaliyohifadhiwa. Kwa miaka mingi kitu kama hicho huonekana hakina kazi ila kuwatisha watoto. Kisha linazuka swali, na kinakuwa jibu pekee lililobaki. Thamani ya namna hii haihesabiki kwa wageni wa mwezi huu, na makumbusho yasiyoitaja kwa jina lake huishia kuambiwa yapunguze ghala.

Shina lina tawi jingine: ukweli. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo, hata hivyo, ilijengwa upya katika karne ya 18. Maelezo yanayosema "msikiti wa mwaka 1107" na kuishia hapo yanamdanganya msomaji bila kukusudia. Yanayosema maandishi ni ya 1107 na jengo limejengwa upya baadaye yanampa hadithi nzuri zaidi, ya jamii iliyolinda kibla chake kwa karne sita. Watu huamini makumbusho kwa sababu wanadhani yamechunguza kabla ya kusema. Imani hiyo ikivunjika mara moja, kuijenga tena ni kazi ya kizazi.

Hesabu ya matunda

Mwandishi wa Kiingereza John Holden aliigawa thamani ya utamaduni mafungu matatu, na mgawo wake umesaidia wengi. Kuna thamani ya kitu chenyewe: kile anachokipata mtu moyoni anaposimama mbele ya vyombo vya Kasri, jumba la masultani pale Mji Mkongwe, ambamo Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa 1844, anasimuliwa. Kuna thamani ya matokeo: elimu, ajira, utalii. Na kuna thamani ya taasisi: namna makumbusho yanavyomtendea mwananchi, kama yanamkaribisha kama mwenye nyumba au kama mpita njia.

Kosa linalojirudia ni kuthibitisha fungu moja kwa ushahidi wa fungu jingine. Mapato ya tiketi hayasemi kama mtoto amejifunza. Maoni mazuri katika kitabu cha wageni hayasemi kama uchumi umefaidika. Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, dai liandikwe kwa sentensi moja yenye mtu, badiliko na muda. "Makumbusho yanaelimisha jamii" si dai, ni salamu. "Mwanafunzi wa darasa la sita kutoka Chake Chake, wiki tatu baada ya ziara, anaweza kueleza jinsi mtepe ulivyofungwa bila misumari" ni dai, kwa sababu linaweza kushindwa.

Tulifuate dai hilo mpaka mwisho. Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Mtepe ni chombo cha baharini cha zamani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tuchukulie wanafunzi 40 wanakuja kujifunza habari zake. Wiki moja kabla ya ziara, mwalimu anawauliza swali moja: mbao za chombo zinawezaje kushikana bila chuma? Tuseme 9 wanajibu sawasawa. Mara baada ya ziara wanaulizwa tena, na 31 wanajibu. Makumbusho mengi huishia hapa na kuripoti 31 kwa furaha. Wiki tatu baadaye, skuli, bila onyo, wanaojibu ni 22. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, kwa sababu iliyobaki ni elimu na iliyoondoka ilikuwa msisimko. Lakini bado kuna pengo: huenda mwalimu alifundisha mwenyewe katikati. Ndiyo maana liulizwe pia darasa jingine la wanafunzi 40 ambalo halikwenda. Ikiwa nao walipanda kutoka 9 hadi 12, basi watatu wangejua hata bila ziara. Darasa lililokwenda lilipanda kwa 13, kutoka 9 hadi 22; waliopatikana kwa ziara ni 13 kutoa 3, yaani wanafunzi 10 kati ya 40.

Kumi inaonekana ndogo. Ni ya kweli, na inafundisha kitu cha kurekebisha. Labda watoto walikuwa 40 kwa mtembezaji mmoja, wa nyuma wasisikie. Wakigawanywa vikundi vya 12 hadi 15, namba hupanda. Labda maelezo ya ukutani yaliandikwa kwa sentensi za maneno 40, Kiingereza juu na Kiswahili chini kwa herufi ndogo, kana kwamba mwenyeji ndiye mgeni. Kiswahili kiwe juu. Sentensi isipite maneno 20 au 25, herufi zisiwe chini ya pointi 24, na katikati ya bango iwe kiasi cha sentimita 140 kutoka sakafuni, au chini zaidi pale wanaposoma watoto. Mpe mwanafunzi asome, kisha asimulie kwa maneno yake. Akirudia maneno ya bango neno kwa neno, hajaelewa.

Majibu nayo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mtoto anayeulizwa mbele ya mwalimu hujibu ili amridhishe mwalimu. Mtu mzima anayeulizwa mlangoni na mfanyakazi mwenye kitambulisho shingoni hataaibisha wenyeji wake. Atasema vizuri sana, ahsante, na kwenda zake. Ni adabu yetu, na ni nzuri, ila inaua takwimu. Afadhali kuuliza jambo la tendo kuliko la sifa: umekuja na nani, ulisimama wapi muda mrefu, nani nyumbani utamsimulia, na utamwambia nini? Aulize mtu asiyefanya kazi pale, mwanafunzi wa chuo kwa mfano. Amsimamishe kila mgeni wa tano, awe mchangamfu au mwenye haraka, kwa kuwa ukichagua wanaotabasamu umepima tabasamu. Ukiwauliza watu 100 kwa utaratibu huo, asilimia unayoipata inaweza kukosea kiasi cha 10 juu au chini. Ukiwauliza 400, kosa hushuka hadi 5. Na zoezi lirudiwe masika, Julai na siku za sikukuu, kwani wageni wa Idd si wale wa meli za watalii.

Hata kuhesabu vichwa kuna mitego. Kifaa cha mwanga mlangoni humhesabu mlinzi anayetoka kunywa kahawa na mtoto anayeingia na kutoka mara sita. Kama mlango ni mmoja, gawa kwa mbili. Kisha simama na kalamu saa moja kwa siku nne tofauti: hesabu ya kifaa baada ya kugawa ikiwa 120 na wewe umeona wageni 80 wa kweli, izidishe kwa theluthi mbili. Tenganisha mkaazi na mgeni, na mkaazi aandikwe na anakotoka. Makumbusho ya Chake Chake yaliyomo ndani ya ngome kongwe yakigundua kwamba karibu kila mgeni mwenyeji ni wa Chake na hakuna wa Micheweni, yamepata taarifa yenye faida kuliko jumla ya mwaka.

Fedha za utalii ndiyo hoja inayopendwa serikalini, na ndiyo inayotiwa chumvi kuliko zote. Tuchukulie makumbusho yamepata watalii 20,000 kwa mwaka, na kila mtalii hutumia shilingi 150,000 kwa siku. Wengine watazidisha na kudai shilingi bilioni 3. Lakini wengi wa hao wamekuja kwa ajili ya bahari. Wangekuwepo hata kama jumba lingefungwa. Swali sahihi ni hili: nani aliongeza siku kwa sababu ya makumbusho na majengo ya kale? Ikiwa kati ya 200 waliohojiwa 14 wanasema hivyo, ni asilimia 7, sawa na siku 1,400 za ziada na shilingi milioni 210, kabla ya kutoa kinachotoka nje ya visiwa kwa bidhaa zilizoagizwa na hoteli za wageni. Milioni 210 inayosimama mbele ya maswali ni bora kuliko bilioni 3 inayoanguka kwa swali la kwanza la Mwakilishi.

Ipo njia nyingine, ya kuwauliza watu wangekubali kulipa kiasi gani ili kitu kisipotee. Maktaba ya Uingereza iliitumia mwaka 2004 na ikaeleza kwamba kila pauni moja ya fedha za umma ilizaa thamani ya pauni 4.40. Faida yake ni kwamba humsikiliza hata asiyeingia ndani, kama wale waliohuzunikia Beit al-Ajaib. Udhaifu wake kwetu uko wazi: mvuvi wa Nungwi anayesema shilingi sifuri hakusema hathamini, amesema hana. Kwake ulizia kile alichonacho. Angetoa siku ya kazi? Angekuja kufundisha kusuka? Angeazimisha kasha la harusi la bibi yake? Familia inapoileta amana yake makumbusho kwa hiari, imepiga kura nzito kuliko jibu la dodoso. Vitu vilivyotolewa, na vilivyoombwa kurudishwa, vihesabiwe kila mwaka.

Nani aambiwe nini

Ushahidi mmoja hautoshi kila mtu. Wizara inataka gharama kwa kila mwanafunzi aliyejifunza na gharama ya kuchelewesha ukarabati. Bei ya kuziba paa linalovuja mwaka huu huwekwa kando ya bei ya kujenga upya ukuta. Mwalimu anataka kujua ziara inaingia wapi katika mtaala. Sheha na wazee wanataka kujua kama historia yao imo, maana Kasri lenye vitanda vya masultani lisipowataja waliovitandika, mtu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, atalitazama kama nyumba ya wenyewe. Huko si kushindwa kwa matangazo. Ni hesabu ya matunda inayosema mlengwa hajafikiwa, na dawa yake ni kwenda kukusanya: picha za harusi, majina ya kanga, buku la klabu ya taarabu, sauti za waliojenga na kupika na kuchuma karafuu, zikiandikwa kadi kamili kama kitu kingine chochote.

Kwa makumbusho madogo yote haya hutosha ukurasa mmoja kwa mwaka, kwa Kiswahili, ubandikwe mlangoni pale tiketi zinapouzwa. Vitu vingapi kati ya 20 vilipatikana. Siku ngapi ghala lilipita asilimia 65 ya unyevu. Wakaazi wangapi waliingia, na kutoka wilaya zipi. Wanafunzi wangapi kati ya 40 walikumbuka baada ya wiki tatu. Vitu vingapi vilipokewa, kutoka kwa nani, na kimoja ambacho hakijulikani kilipo, kikiwa na picha yake na namba yake, ili anayekifahamu aseme.